Jibu: Kikundi chetu cha Kisumu kimepoteza mfadhili, je, tujisajili?

Ndugu, umeuliza kama kikundi chenu cha afya cha wana-LGBTI, ambacho kilimtegemea mfadhili mmoja aliyejitoa mwaka 2025, kisajiliwe rasmi au kiendelee kimyakimya. Kwa maoni yangu, sajilini. Mnamo Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua, kwa wingi wa kura, kwamba kuwanyima watu usajili wa shirika kwa sababu ya mwelekeo wao wa kimapenzi ni kukiuka haki ya kujumuika iliyomo katika Kifungu cha 36 cha Katiba. Hata hivyo, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumika kuharamisha ngono ya jinsia moja, bado kipo, kwa hiyo muoneni wakili kabla ya kuandika malengo yenu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni lile daftari la mapokezi ulilolitaja, lenye majina, namba za simu na majibu ya vipimo vya VVU katika ukurasa mmoja. Likiibwa au likichukuliwa katika msako, wateja wote watakuwa wamefichuka. Mpeni kila mteja namba, na orodha inayooanisha namba hizo na majina ifungiwe pengine, mikononi mwa watu wawili tu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yenyewe inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Kuhusu fedha, michango ya wanachama haitalipa mishahara, tusidanganyane. Lakini ikitosha kodi ya chumba, mfadhili mwingine akiondoka mlango hautafungwa.