Jibu la swali la wiki: Mtoto mpole wa ndani ya arobaini

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Kwa nini familia za Unguja na Pemba bado zinawaficha watoto wenye sindromu ya Down?" Swali hilo limeshahukumu kabla ya shahidi kuapishwa. Familia imeshaitwa mfichaji, kilichobaki ni kutaja sababu. Nitajibu jengine kidogo: mtoto huyu anafichwa lini hasa, na wakati huo nani alikuwa na wajibu wa kumtazama?

Kwetu sisi kila mtoto mchanga anafichwa. Mzazi yumo ndani siku 40, pazia limeteremshwa, uji wa pilipili manga unaingia na bakuli linatoka, na mtoto kafunikwa kanga mpaka puani. Hakuna gazeti linalouliza kwa nini. Mtoto mwenye sindromu ya Down, yaani aliyezaliwa na kromosomu moja ya ziada (kromosomu ni nyuzi za urithi ndani ya mwili), anaingia katika desturi hiyo hiyo, na bahati mbaya mambo yake mazito yamejazana humo humo: kunyonya, manjano ya macho na ngozi, tezi ya thairoidi iliyo shingoni, moyo.

Tuanze hospitali. Mkunga ameshaona. Macho yamepanda pembeni, daraja la pua ni bapa, masikio madogo, ngozi ya kisogo imelegea, kiganja kina mstari mmoja uliokatiza, kidole gumba cha mguu kimeachana na mwenzake, na zaidi ya yote mwili mzima umelegea. Ukimshika chini ya makwapa anataka kukuponyoka. Alama moja peke yake si ushahidi, maana huo mstari wa kiganja wanao watu wengi wasio na lolote. Zikikusanyika ndipo mtu hushuku. Lakini badala ya kusema, wanaitana pembeni na kunong'ona, kisha mama anapewa kadi na kuambiwa "utamleta kliniki". Mama si kipofu. Anarudi nyumbani na khofu isiyo na jina, halafu tunamlaumu kuwa hasemi. Aseme nini?

Kumwambia hakutaki kipaji. Panatakiwa chumba chenye mlango, mama na baba pamoja, au baba akiwa dago, kambini kwa wavuvi, mama na mtu anayemtaka mwenyewe. Mtoto awe mapajani mwa mamake. Kwanza hongera. Kisha: tunashuku sindromu ya Down, kipimo cha damu cha kromosomu ndicho kitakachothibitisha, hakuna mlichofanya wala mlichoacha, leo tunaangalia ananyonya vipi, amepata choo au hajapata, anatapika nini, anapumua vipi. Ni dakika 15. Choo cha mwanzo kisipotoka ndani ya saa 48, au akitapika kijani, haruhusiwi kwenda nyumbani, kwani utumbo huenda umeziba na hiyo ni kazi ya daktari wa upasuaji, si ya mafuta ya nyonyo.

Kuna nyumba moja kaskazini ya Pemba ambayo yaliyopita humo yanajibu swali lenu kuliko maoni yangu. Mama alikuwa na miaka 24, mtoto wake wa tatu, msichana, gramu 2,600 alipozaliwa. (Nimeutaja umri makusudi. Uwezekano hupanda na umri wa mama, kutoka kama mtoto 1 katika 1,250 kwa mama wa miaka 25 hadi 1 katika 100 kwa mama wa miaka 40. Lakini vijana ndio wanaozaa zaidi, kwa hivyo watoto wengi wa hali hii ni wa mama walio chini ya miaka 35. "Kazaa uzeeni" si maelezo.) Waliokuja kumtazama mzazi walisifu: mashaallah, mtoto mpole huyu, halii, hasumbui usiku. Bibi mzaa mama akajibu alhamdulillahi, na sifa zikaendelea mpaka siku ya 12, mhudumu wa afya wa shehia alipoingia na mizani. Gramu 2,280.

Mtoto yeyote hupungua siku za mwanzo, hata asilimia 10, lakini baina ya siku ya 10 na ya 14 anatakiwa awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa. Huyu alikuwa amepoteza zaidi ya asilimia 12 na bado anashuka. Nepi zilizolowa zilikuwa 3 kwa siku, na zilitakiwa zisipungue 6. Upole ule ulikuwa njaa. Misuli iliyolegea inachoka haraka, mtoto analala ziwani kabla hajashiba, na kadiri anavyokosa maziwa ndivyo anavyokosa nguvu ya kuamka kuyadai.

Jambo la kwanza lililobadilishwa ni kungoja kilio. Aliamshwa kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana, mara 8 au zaidi kwa siku. Kumwamsha ni kumvua nguo, kumpitishia uso kitambaa kilicholoweshwa, kumkuna nyayo. Mama anakamua kidogo kwanza ili maziwa yaanze kutoka kwa wepesi. Mtoto anawekwa nusu wima, kichwa juu kuliko tumbo. Sikio, bega na nyonga mstari mmoja. Halafu mkono: vidole vitatu vinalibeba ziwa kwa chini, kidole gumba kinakaa shavu moja na cha shahada shavu la pili, na kidevu kinatua kwenye ufa baina yao. Taya lililokuwa likining'inia linapata pa kuegemea, mdomo unafumba, maziwa hayamwagiki pembeni. Yanayoharibika ni mawili. Mama akiyabana mashavu, mtoto anaacha kunyonya. Akimsukuma kichogo, mtoto anajipinda nyuma, na watu wanasema "kalikataa ziwa".

Siku ya kwanza mkono ulimchoka mama baada ya dakika tano akasema maziwa yamekauka. Hayakukauka. Ziwa lisilonyonywa kwa nguvu hupunguza kutoa, kwa hivyo kila baada ya kunyonyesha alikamua yaliyobaki kwenye bakuli lililochemshwa, na hayo ndiyo mtoto akapewa kwa kikombe. Kiasi? Mililita 150 kwa kila kilo kwa siku: kwa kilo 2.28 ni mililita 342, ukigawa kwa mara 8 ni 43 hivi kila mara, ikiwa ziwani hakupata kitu. Chupa ya chuchu ilikataliwa kwa sababu ni ngumu kuosha ikatakata. Kilichotumika ni kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, kinachopatikana kila nyumba. Walikipima kwa sirinji ya mililita 10, sirinji nne na kidogo, wakatia alama kwa rangi ya kucha upande wa nje.

Bibi alitaka kummiminia, kama watoto wa zamani walivyomiminiwa maji ya mchele. Hapo ndipo penye hatari. Ukimmiminia mtoto aliyelegea, maziwa yanakwenda njia ya pumzi na wiki ya pili unatibu nimonia. Ukingo wa kikombe ukae juu ya mdomo wa chini, kikombe kiinamishwe mpaka maziwa yaguse mdomo, basi. Mtoto atatoa ulimi ayalambe kwa mwendo wake, atapumzika, ataendelea. Dakika 30 zikipita aachwe apumzike, kwani kulisha kwa saa nzima kunakula nguvu zile zile unazomtafutia. Bibi alikiweza kikombe siku ya tatu ya kujaribu, na zamu ya saa 8 usiku akaichukua yeye ili mwanawe alale. "Mie nikidhani nalea malaika," alisema, "kumbe nalea mwenye njaa." Siku ya 19 mizani ilisema 2,450. Siku ya 26, 2,640.

Nimekaa sana kwenye kikombe hiki, na najua hamkuuliza habari za vikombe.

Wiki ya tano akaanza kutoka jasho kipaji cha uso anaponyonya. Ilikuwa kaskazi, kila mtu anatoka jasho, kwa hivyo hakuna aliyeshituka. Lakini karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na mara nyingi ni tundu la katikati ya moyo. Siku za mwanzo tundu halijitangazi, kwa sababu mishipa ya mapafu bado imebana. Inapolegea, baina ya wiki ya 4 na ya 8, damu inafurika mapafuni: mtoto anahema, anatoka jasho, anaacha ziwa kila mara ili avute pumzi, na uzito unasimama. Hesabu, Mhariri. Moyo unajitokeza pale pale arobaini inapotoka. Pumzi huhesabiwa mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima na si nusu ukazidisha mara mbili. 60 na kuendelea si kawaida. Huyu alikuwa na 68. Aliyemsikiliza kwa kipimo cha masikioni alisema moyo hauna sauti mbaya. Kukosa sauti hakumaanishi kukosa tundu. Ndiyo maana kila mtoto wa hali hii anatakiwa apigwe picha ya moyo, eko, hata akionekana mzima. Tundu kubwa la katikati huzibwa kwa upasuaji, vizuri zaidi baina ya miezi 3 na 6, kwani likichelewa mishipa ya mapafu inakakamaa, na ikishakakamaa hairudi. Kwa mtu wa Pemba hiyo ni boti hadi Unguja na pengine hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kwa hivyo barua ya rufaa iombwe mapema. Kadi yenye uzito wote, karatasi ya kutolewa hospitali na cheti cha kuzaliwa vikae mkoba mmoja. Dawa ya kupunguza maji mwilini, kama ameandikiwa, isikatishwe kwa kuogopa safari.

Tezi ya thairoidi ni mtego mwengine, maana ikilala, dalili zake ni "upole" ule ule: usingizi, choo kigumu, manjano yasiyokwisha. Kipimo cha damu kinafanywa anapozaliwa, miezi 6, miezi 12, kisha kila mwaka. Dawa yake ni kidonge cha kila siku.

Sasa lile neno la watu, kwamba ni "damu ya kwao". Mtoto ana kromosomu 47 badala ya 46. Ya 21 ziko tatu, ndiyo maana siku ya dunia ikawekwa tarehe 21 ya mwezi wa 3. Hilo linajulikana tangu 1959, kazi ya Jérôme Lejeune na wenzake Paris. Haliletwi na ndoa ya binti ami, wala na mjamzito kumcheka mlemavu. Sehemu ndogo, watoto 3 au 4 katika 100, kromosomu ya ziada imejishikiza kwenye nyengine, na hapo wazazi nao wapimwe kabla ya mimba inayofuata. Hiyo ndiyo faida hasa ya kipimo, si kumtafuta mkosa. Dua na kombe (maji yaliyooshea aya zilizoandikwa) hakuna aliyekataza, ila kombe anywe mama. Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi chochote isipokuwa maziwa ya mama na dawa aliyoandikiwa.

Ya skuli na chuo cha Kurani yanataka barua yake. Nitasema moja tu: kabla mwalimu hajaandika "mkaidi, hasikii", masikio yapimwe. Vijia vya masikio yao ni vyembamba, maji hujikusanya nyuma ya ngoma, na mtoto anaweza kuwa hasikii kweli. Wanashika kwa macho haraka kuliko kwa masikio. Picha na ishara za mikono pamoja na maneno hazimcheleweshi kusema. Na mzazi asibaki peke yake: jumuiya ya ZAPDD hapa Zanzibar ipo kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili, na UWZ, Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, kwa watu wenye ulemavu wa kila aina.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kumaliza kwa kusema familia haifichi, ni watumishi wanaonyamaza. Lakini kuna jambo nimeliruka. Mhudumu wa shehia alikuwa ameshafika nyumba ile siku ya 6. Alisimamishwa mlangoni, akaambiwa mtoto amelala. Kweli alikuwa amelala. Bibi alikuwa ameshayaona yale macho na hakutaka mtu wa shehia ayaone. Siku sita zilipotea pale, kwa hivyo ndiyo, tunaficha, na swali lenu halikunionea kama nilivyodhani.

Hata hivyo sitaki pazia liondolewe. Maradhi ya kifua huwashika watoto hawa vibaya kuliko wengine, na chumba kisichojaa watu ni kinga nzuri kuliko nyingi. Mficheni hizo siku 40, kwa masharti: mizani iingie ndani ya wiki ya kwanza na isiambiwe mtoto amelala, damu ya thairoidi itolewe kabla ya wiki mbili, manjano ya siku ya kwanza, au yaliyopindukia wiki mbili, yapelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ya wiki ya 6 inaangukia siku ya 42, na siku hiyo pumzi zihesabiwe na barua ya eko iombwe kama haijatoka. Na mwenye kikohozi, hata awe shangazi yake aliyetoka Wete na kapu la machungwa, salamu zake azitolee barazani.