Jino la Sita: Kwa Maafisa Wapya wa Meno Mnaoanza Kazi Lamu

Wiki iliyopita nilisimama nyuma ya afisa mpya katika shule moja ya msingi, nikamsikia akimsomea mwandishi wake, "Sabini na tano, limeoza," ilhali kioo chake kilikuwa juu ya thelathini na sita. Sabini na tano ni namba ya gego la pili la utoto, chini kushoto; thelathini na sita ni gego la ukubwani lililo nyuma yake. Nilinyamaza hadi mtoto alipotoka, kwa kuwa kosa lile nalijua kuliko yeye. Basi nisikilizeni, wadogo zangu, kabla hamjapanda mashua ya Faza.

1. Hesabuni meno kuanzia katikati ya kinywa kwenda nyuma. Matano ya kwanza kila upande ni nafasi za meno ya utoto. La sita ni la ukubwani, nalo huota kimyakimya karibu na umri wa miaka 6, bila jino lolote kung'oka kulipisha.

Mimi sikuhesabu. Mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka saba mwenye tundu dogo katika gego la mwisho, chini kushoto, na kwa kuwa hakuwahi kuona pengo mahali pale, aliamini kuwa ni jino la utoto. Nilikuwa na foleni ndefu na koti jipya lililopigwa pasi, nikamwambia, "Usijali mama, hilo litang'oka lenyewe." Alinishukuru na kuniombea dua. Kuliziba siku ile kusingenichukua hata nusu saa. Miaka mitatu baadaye walirudi, shavu la mtoto limevimba na usaha umejaa, na jino halikuwa na la kuokolewa. Nilipokwisha kulitoa, mama aliniuliza lingine litaota lini. Nikamwambia halitaota. Hakupaza sauti, alirekebisha mtandio wa bintiye, akasema, "Lakini wewe ulisema litang'oka lenyewe." Hadi leo nikisoma namba 36 naisikia sauti ile, na sijathubutu kufikiri ni watoto wangapi niliowaandika vivyo hivyo katika fomu za mwaka ule.

2. Pengo la mbele kwa mtoto wa miaka saba ni umri, si kuoza. Msilitie katika hesabu ya meno yaliyopotea.

3. Probu, yaani kijiti cha chuma cha kupapasia meno, iwe ya kichwa cha mviringo, nanyi acheni kuchokonoa, kwani ncha kali hubomoa ganda la jino lililoanza tu kulainika.

4. Msisahau mabuyu, zile mbegu za mbuyu zilizopakwa sukari na rangi nyekundu. Fomu inauliza mtoto hula vitamu mara ngapi kwa siku, si kiasi gani, kwa sababu sukari inayomung'unywa tangu mapumziko hadi adhuhuri hailipi jino nafasi ya kupona. Mswakisheni mtoto kwanza, maana rangi ile nyekundu huficha madoa meupe ya mwanzo. Kijana mmoja wa miaka 12, ulimi mwekundu kama tandu, aliniapia kuwa hajala kitu tangu asubuhi. Nilipomwambia ashike kiti kwa mikono miwili alifungua ngumi, kokwe zikamwagika katika trei yangu. Nilizihesabu, zikawa kumi na moja, kila moja mara yake, na ndivyo nilivyojaza.