Kuifufua bunduki ya upepo ya springi nyumbani: tafuta ulaini kabla ya nguvu

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu bunduki ya upepo ya springi huanza na swali moja: niweke springi gani ili ipige kwa nguvu zaidi? Jibu langu halibadiliki. Springi iache kwanza. Bunduki iliyochoka mara nyingi inavuja hewa, au grisi yake imekauka ikawa gundi, au kuna vyuma viwili vinasuguana mahali ambapo havikutakiwa hata kugusana. Ukiyatengeneza hayo, nguvu yake ya asili hurudi yenyewe, na juu yake unapata kitu bora kuliko nguvu: mlio mfupi, teke jepesi, na risasi zinazoangukia karibu karibu.

Fikiria kinachotokea ndani. Ukikoki, kwa nyingi kwa kuukunja mtutu kwenye kiungo chake, pistoni inarudi nyuma na kuibana springi. Ukifyatua, springi inaisukuma pistoni mbele kwa kasi, hewa iliyo mbele yake inabanwa hadi inapata joto kali, kisha inapenya kwenye tundu dogo na kuisukuma risasi. Pistoni ina uzito, kwa hiyo inapoanza kwenda mbele bunduki inasukumwa nyuma, na pistoni inapokaribia mwisho wa silinda bunduki inavutwa mbele. Mtikisiko huo unaanza risasi ikiwa bado mtutuni. Ndiyo maana kila msuguano na kila nafasi iliyolegea ndani huonekana kwenye karatasi ya shabaha.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha hakuna risasi na bunduki haijakokiwa. Kisha elewa jambo moja linaloumiza watu: hata isipokokiwa, springi ndani imebanwa, kwa baadhi ya bunduki sentimita kadhaa. Ukitoa pini au mfuniko wa nyuma kwa mikono mitupu, vyuma vinaruka usoni. Tumia klampu ndefu ya seremala, au tengeneza fremu ya mbao yenye skrubu kubwa upande mmoja, na weka kipande cha mbao kati ya skrubu na chuma. Vaa miwani ya kazi. Kwenye Diana 34 kuna pini mbili zinazoshika kizibo cha nyuma chenye mtambo wa kifyatulio. Klampu ikishabeba mzigo wa springi, pini hizo hutoka kwa kugongwa taratibu. Zikigoma, usiongeze nyundo, rekebisha klampu. Kwenye bunduki za kampuni ya Weihrauch kama HW95 mfuniko wa nyuma hufunguliwa kwa kuzungushwa kwenye nyuzi za skrubu, lakini nyuzi za mwisho zinapoachia springi bado inasukuma, hivyo klampu inahitajika huko pia. Piga picha kila hatua. Pini na washa zina upande wake, na kumbukumbu haitoshi.

Vyuma vikishatoka, viringisha springi juu ya kioo. Ikiyumba, imepinda, na hiyo ndiyo ya kubadilisha. Springi mpya ikipungua urefu kidogo baada ya kukokiwa mara za mwanzo, usihofu, ndivyo zilivyo. Kisha tazama sili ya pistoni, ile kofia ya plastiki au ngozi kwenye ncha yake inayozuia hewa isivuje, kwa mwanga mzuri. Ukiona ukingo umekatika, mkosaji yuko kwenye silinda: ni kingo za ule mfereji ambamo mkono wa kukokia unapita. Kiwandani hukatwa na kuachwa zikiwa kali, na sili hupita juu yake kila unapoiingiza.

Hapa ndipo ningekushauri utumie muda wako mwingi. Zungushia msasa laini, namba 400 kisha 600, kwenye kijiti, na lainisha kila ukingo ambao sili au pistoni itaupitia. Hutaki kupunguza chuma, unataka kidole kipite bila kukwaruzwa. Fanya vivyo hivyo kwenye matundu ya pini. Ncha za springi nazo zisawazishwe na kung'arishwa, kwa sababu springi hujizungusha kidogo inapobanwa na kuachiwa, na ncha yenye makali hulima chuma inachokalia. Usiguse uso wa ndani wa silinda kwa msasa kama hauna kutu wala mikwaruzo. Ukimaliza, osha kila kitu kwa mafuta ya taa, futa, kausha kabisa. Unga wa msasa ukibaki ndani utaila sili mpya, na mafuta ya taa yakibaki mbele ya pistoni yatawaka.

Sasa jaribu sili kabla ya kurudisha springi. Ingiza pistoni peke yake na uisukume kwa dole gumba: inatakiwa iende kwa upinzani mdogo, ulio sawa mwanzo hadi mwisho. Halafu ziba tundu la hewa na usukume tena. Unapaswa kuhisi hewa ikikataa, kama pampu ya baiskeli iliyozibwa mdomo. Sili ya plastiki ikibana mno, ipunguze kwa msasa huku ukiizungusha pistoni, kidogo sana kila mara, na ujaribu tena. Sili ya ngozi ina tabia tofauti. Hiyo hulowekwa mafuta hadi ilainike, na hupenda kubaki na unyevu wa mafuta, ikikauka inavuja.

Ule mlio wa chuma kuvuma baada ya kufyatua hutoka kwenye springi inayocheza juu ya fimbo yake ya kuiongoza. Watu huijaza springi grisi nzito. Inanyamaza, ndiyo, lakini kasi inashuka. Mimi naona dawa halisi ni fimbo inayobana: mpe fundi mwenye mashine ya kukereza kipimo cha ndani cha springi, akuchongee ya plastiki ngumu, kiasi kwamba springi inaingia kwa kuzungushwa na si kwa kudondoka. Kazi hii moja hubadilisha bunduki kuliko springi yoyote ya kununua.

Grisi, kidogo. Grisi ya molibdeni ipakwe mbavuni mwa pistoni na kwenye fimbo, utando mwembamba tu kwenye springi. Mbele ya sili ya plastiki usiweke kitu. Hewa inayobanwa hupata joto la kutosha kuwasha mafuta, na utajua kwa moshi, harufu ya kuungua na mlio mkali kama wa baruti. Moshi hafifu kwenye risasi chache za mwanzo ni wa kawaida. Mlipuko unaoendelea unaharibu sili na springi, fungua ufute.

Mtambo wa kifyatulio usiupige tupa wala msasa. Ndoano inayoizuia pistoni pale imeshika kwa kina kidogo sana, na bunduki inayojifyatua yenyewe inaweza kuvunja vidole vyako mtutu ukiwa umefunguliwa. Safisha, pangusa, rekebisha kwa skrubu iliyowekwa kwa kazi hiyo, basi. Na unapoweka risasi, shika mtutu kwa nguvu kila mara.

Baada ya kuifunga, usifyatue tupu. Bila risasi mbele, pistoni hugonga mwisho wa silinda. Weka kipande cha karatasi laini juu ya kiungo cha mtutu na ufyatue risasi kwenye kizuizi salama. Karatasi ikiruka, sili ya kiungo inavuja. Washa nyembamba chini yake mara nyingi inatosha.

Kisha pima kwa kronografu, yaani kifaa cha kupima kasi ya risasi, risasi kumi za aina moja. Nguvu ni nusu ya uzito (kwa kilo) mara kasi mara kasi: risasi ya gramu 0.547 ikienda mita 240 kwa sekunde ina karibu jouli 15.8. Hesabu hii ifanye, kwa sababu sheria hutofautiana. Kule England na Wales bunduki ndefu ya upepo isiyo na kibali haitakiwi kuvuka takriban jouli 16.3, na Ujerumani mpaka ni jouli 7.5. Ijue ya kwenu kabla hujabadilisha springi. Ila namba ninayoitazama kwanza ni tofauti kati ya risasi ya kasi zaidi na ya polepole zaidi. Ikiwa pana, tafuta uvujaji au mafuta yanayowaka. Jaribu pia risasi za uzito mbalimbali: nyepesi mno huiacha pistoni igonge mwisho, nzito mno huifanya idunde kurudi nyuma, na bunduki nyingi za springi hupenda za uzito wa kati.

Kwenye shabaha, usiikamate kwa nguvu. Ilaze juu ya kiganja kilicho wazi, mahali pale pale kila mara, uiache iteleze inavyotaka. Na kabla ya kulaumu kazi ya ndani, kaza skrubu za kitako na za kiungo cha mtutu. Hulegea kwa mitikisiko, na baada ya matengenezo nazikagua tena na tena hadi zitulie.