Hewa kwenye mafuta: ushauri kwa anayeunda na kurusha jeti ndogo ya turbaini

Fundi wa malori anajua kwamba gari la dizeli likiishiwa mafuta njiani, kulijaza tu hakutoshi. Usipotoa hewa kwenye mfumo, utapiga stata mpaka betri ife. Turbaini ndogo ya ndege ya rimoti ina ugonjwa huohuo, na kwake ni mbaya zaidi. Ikikosa mafuta kwa muda mfupi tu moto unazimika, na wakati huo ndege ya kilo 10 iko angani, inakwenda kilomita 200 kwa saa.

Ndiyo maana hapa tutakaa zaidi kwenye tangi, mipira na pampu kuliko kwenye injini yenyewe. Injini unainunua imekamilika na imepimwa kiwandani, iwe ya JetCat ya Ujerumani, KingTech ya Taiwan au Jets Munt ya Hispania. Mfumo wa mafuta unaufunga wewe kwa mikono yako. Injini ikizima angani, anza kutafuta kosa hapo kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kwanza ujue unalisha nini. Turbaini yenye msukumo wa nyutoni 100, yaani nguvu ya kuinua kama kilo 10, ina uzito wa kilo moja hivi na ukubwa wa chupa ndogo ya chai. Mbele kuna gurudumu la kompresa la kubana hewa, katikati chumba cha moto, nyuma gurudumu la turbaini, na vyote vimeshikwa na mhimili mmoja unaozunguka juu ya beringi mbili za kauri. Chukua gurudumu la kompresa lenye upana wa milimita 66 likizunguka mara 120,000 kwa dakika: ukingo wake unakwenda mita 415 kwa sekunde, kasi kuliko sauti. Mjerumani Kurt Schreckling, mmoja wa waliofungua njia ya injini hizi, gurudumu lake la kompresa alilitengeneza kwa mbao za tabaka na kulizungushia nyuzi za kaboni, nalo lilifanya kazi. Hilo linastahili heshima kubwa.

Beringi hizo hazina oili ya kwao. Sehemu ndogo ya mafuta yanayokwenda kuungua huchepushwa na kupitishwa kwenye beringi, kwa hiyo oili lazima iwe imechanganywa humo. Kipimo cha kawaida ni asilimia 5: lita 1 ya oili ya turbaini za ndege kwa lita 20 za mafuta ya taa safi au Jet A-1, yale ya ndege za abiria. Injini nyingi zinakubali dizeli pia, lakini soma kitabu chake kwanza. Mimina oili kwanza, kisha mafuta, yachanganyike yenyewe yakiingia. Andika kwenye dumu kwa kalamu isiyofutika: IMETIWA OILI, pamoja na tarehe. Dumu mbili zinazofanana, moja ina oili na nyingine haina, ni hatari ya kweli, kwa sababu beringi kavu kwa kasi ile hazichukui muda kufa. Vaa glavu, maana oili ya turbaini ina sumu inayopita kwenye ngozi. Dumu likae usiku mzima bila kutikiswa ili maji yatulie chini, kesho yake unyonye ya juu na kuacha vidole viwili vya chini. Tone la maji likifika kwenye pampu hufanya kazi ileile ya hewa: linakata moto.

Sasa mipira. Mafuta yanatoka tangi kubwa, yanaingia tangi dogo la kunasa hewa, yanapita pampu, chujio, valvu ya kuzima, ndipo yanafika kwenye injini. Mpangilio huo usiubadilishe. Chujio laini linakaa baada ya pampu, upande wa kusukuma. Ukiliweka upande wa kunyonya, siku likianza kuziba pampu itavuta kwa nguvu, shinikizo ndani ya mpira litashuka, na viputo vitazaliwa ndani ya mafuta yenyewe hata kama hakuna tundu popote. Kwa sababu hiyohiyo, mipira ya kunyonya iwe mipana, angalau milimita 4 kwa ndani, na mifupi, bila kona kali. Baada ya pampu unaweza kutumia ile myembamba ya milimita 4 kwa nje.

Mipira ya silikoni, ile ya injini za methanoli, usiiguse kabisa. Mafuta ya taa huivimbisha, ikalegea na kuchomoka. Ndani ya tangi tumia mpira wa Tygon wa njano. Nao huwa mgumu kadiri muda unavyopita, kwa hiyo ubadilishe kila mwaka hata kama kwa macho unaonekana mzima. Kinyonyeo kizito kilichofungwa mwishoni mwa mpira huo kinatakiwa kufuata mafuta popote yanapokimbilia, lakini mpira ukiwa mlaini mno, ndege ikishuka wima au ikifunga breki kwa nguvu, kinyonyeo kinaruka mbele ya tangi na kunasa huko. Ndege inaruka tena, mafuta yako nyuma, kinyonyeo kiko mbele kinanyonya hewa. Dawa yake ni kipande cha bomba la shaba katikati ya mpira, ili ucheze nyuma tu usiweze kujikunja. Mwisho wa kinyonyeo uache milimita 5 kabla ya ukuta wa tangi. Ukigusa ukuta, unajiziba.

Lile tangi dogo ndilo bima yako. Ndani yake kinyonyeo kimefunikwa kwa kitambaa au mfuko laini, na kitambaa kilicholowa mafuta hupitisha mafuta kirahisi kuliko hewa. Kiputo kinachotoka tangi kubwa kinabaki juu, na pampu inaendelea kunyonya mafuta matupu. Lakini linafanya kazi likiwa limejaa. Jazia mafuta kupitia lenyewe: yalijaze kwanza, yapite tangi kubwa, hatimaye yamwagike kwenye mpira wa hewa chini ya ndege, ule unaoingiza hewa tangini mafuta yakipungua. Ukimaliza, inua pua, kisha mkia, na utazame. Kiputo kikubwa kuliko punje ya harage kikiwa bado kimebaki juu, endelea kujaza. Ukishuka kutoka angani tazama tena kabla ya kuongeza mafuta. Likiwa na hewa nyingi wakati tangi kubwa bado lina mafuta, kuna mahali panavuja, na ndege isiruke mpaka pajulikane.

Mpira wa hewa wenyewe una kosa moja linalorudiwa na watu makini kabisa. Ndege ikibebwa kwenye gari, mpira unazibwa ili mafuta yasimwagike, na uwanjani kizibo kinasahaulika. Injini inawaka vizuri, ndege inaruka, tangi linaanza kubonyea kama chupa ya maji inayonyonywa kwa mdomo, na katika dakika ya pili au ya tatu pampu inashindwa. Funga utepe mwekundu wa nusu mita kwenye kizibo hicho. Usiondoke kwenye meza ukiwa na utepe bado unaning'inia.

Kuvuja upande wa kunyonya hakuonekani kwa macho, kwa kuwa mafuta hayatoki nje. Hewa ndiyo inaingia ndani. Usitafute doa la mafuta. Fanya kama fundi pancha: ziba njia zote za tangi isipokuwa moja, unga bomba la sindano la mililita 60, sukuma hewa kidogo, kisha uchovye tangi na maungio yake kwenye beseni la maji. Usizidishe shinikizo, tangi la faiba linaweza kupasuka. Kila ungio lifungwe kwa waya mwembamba uliozungushwa mara mbili na kusokotwa kwa koleo. Kipande cha mpira kati ya tangi dogo na pampu kiwe kinachoonyesha ndani. Ukiwasha injini chini kwa resi yote, mafuta ndani ya kipande hicho yaonekane yametulia kama kioo. Ukiona uzi wa viputo vidogo unapita, zima. Unapojaza mipira mara ya kwanza, chomoa ule unaoingia kwenye injini na uelekeze kwenye kopo, la sivyo utaijaza injini mafuta mabichi.

Halafu weka daftari. Kompyuta ya injini inakuonyesha volti za pampu. Kila siku ya kurusha, kwenye resi yote, andika namba hiyo. Injini ileile, resi ileile, volti zikipanda kutoka wiki hadi wiki, maana yake pampu inahangaika: chujio linaziba au hewa inaingia. Hakuna dalili nyingine inayokuonya mapema kiasi hicho, na inashangaza jinsi wachache wanavyoiangalia.

Kwenye bodi ya ndege mambo ni machache lakini hayana msamaha. Hewa ya moto inatoka na nyuzi joto 500 hadi 700, kwa hiyo ekzosi iwe ya chuma chenye kuta mbili na ikae mstari mmoja na injini. Nafasi kati ya mdomo wa injini na ekzosi ipime kama kitabu kinavyosema. Ekzosi ikipinda kidogo tu, moto unalamba upande mmoja. Kabla ya kuwasha, pitisha mashine ya kufyonza vumbi ndani ya bodi yote. Washa moja ya nati au kipande cha kamba ya plastiki kilichobaki humo kitavutwa na kompresa. Usawa wa ndege upime tangi kubwa likiwa tupu na lile dogo limejaa. Mawimbi ya rimoti yakipotea, injini iwekwe izime yenyewe, na jambo hilo ulijaribu kwa kuzima rimoti huku injini ikizunguka na mtu ameishikilia ndege.

Wakati wa kuwasha, elekeza pua kwenye upepo. Upepo wa nyuma unarudisha joto ndani. Mtu asisimame ubavuni mwa injini wala nyuma. Kaeni upande wa pua, na mwenzako ashike mtungi wa kabonidioksidi. Mtungi wa unga utauzima moto na kuiua injini pamoja nao. Stata inazungusha, plagi inawaka, joto linapanda, na baada ya nusu dakika au zaidi kidogo injini inashika resi yake ya chini. Ulimi mfupi wa moto nyuma si tatizo. Moto mrefu usiokatika maana yake mafuta yalikuwa yamejikusanya: kata mafuta, acha stata iendelee kupuliza, na moto ukibaki, puliza kabonidioksidi ya mtungi kupitia mbele. Usirudie kuwasha kabla ya kuinua pua juu ili mafuta yaliyobaki yachuruzike kwa nyuma. Ukizima baada ya kuruka, betri usiichomoe mpaka stata imalize kuipoza injini hadi chini ya nyuzi 100.

Angani, jeti haina pangaboi la kuipunguza mwendo, na hata resi ya chini bado inasukuma kidogo. Inateleza mbali kuliko unavyotarajia. Kutoka resi ya chini hadi resi yote inachukua sekunde 4 au 5. Ukija kutua kwa mita 25 kwa sekunde, hiyo ni mita 100 hadi 125 kabla ya msaada kufika. Kwa hiyo shusha flapu zote, acha resi kidogo, kama robo, na uishushe hadi ya chini ndege ikishavuka mwanzo wa njia ya kurukia. Uamuzi wa kurudi juu ufanye mapema. Injini ya ukubwa huu inakunywa karibu mililita 400 kwa dakika kwenye resi yote. Ukiwa na tangi la lita 3, saa ya rimoti ilie dakika ya 6, utue bado ukiwa na akiba.

Anayerusha Nairobi ahesabu tofauti na wa Mombasa. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 17, na msukumo unapungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ndege itahitaji mwendo wa ardhini ulio juu kwa asilimia 10 ili ipae, na itatumia njia ndefu zaidi kusimama. Njia inayotosha pwani isikudanganye huko juu. Kibali cha mamlaka ya anga, KCAA kwa Kenya au TCAA kwa Tanzania, kishughulikie kabla hata ya kuagiza injini. Marekani nako, chama cha warushaji wa ndege ndogo, AMA, kinamtaka mwanachama apate hati maalumu kabla ya kurusha turbaini.

Na injini ikizima angani? Shusha pua upate mwendo, usigeuze ndege ikiwa chini, miguu iteremshe ukiwa na uhakika wa kufika kwenye njia ya kurukia. Ikishatua, usiwashe tena wala usichomoe betri. Unga kifaa cha kusomea kompyuta ya injini, angalia sababu iliyoandikwa, volti za pampu na joto la mwisho, vipige picha. Kisha fungua kifuniko utazame tangi dogo likiwa hivyohivyo lilivyotua, kabla mtu hajaligusa.