Kimatira na ruhuka, wadudu wa kahawa: dawa moja inatosha?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nina kihamba changu (shamba la nyumbani) Kibosho, kahawa ziko chini ya migomba. Mwaka huu kahawa zingine zina katundu kadogo pale kwenye kitovu, zingine hazina tundu kabisa ila zinadondoka zikiwa bado kijani, nikipasua nakuta buni imekuwa nyeusi. Jirani anasema mdudu ni yule yule, nipige dawa moja yaishe. Ni kweli? Mama wa Kibosho.

JIBU: Nzuri mama, pole na shamba. Hapo jirani kakosea, hao ni wawili na hata kula hawali sawa.

Katundu ka kitovuni ni ruhuka. Ni kambawakawa keusi ka milimita 1.5 hivi, jike ndo anatoboa anaingia mpaka kwenye buni anataga humo humo, watoto wanaila buni, wakikua wanapandana ndugu kwa ndugu kabla hata hawajatoka maana madume hayaruki, yanazaliwa humo yanafia humo. Na kafeini, ambayo ni sumu kwa wadudu wengi, huyu wala haimsumbui, bakteria wa tumboni mwake wanaimeng'enya! Sasa akishaingia ndani we unapiga dawa unalowanisha ganda tu, hela imeenda.

Hizo zisizo na tundu namshuku kimatira. Huyu anaonekana kwa macho, umbo la ngao, mweusi ana mabaka ya rangi ya chungwa na meupe, mminye utasikia harufu yake. Hatafuni, ana mrija, anachoma kahawa changa na vitumba vya maua anafyonza, halafu pale alipochoma kuvu wanapata njia, ndo buni inaoza. Ila angalia ganda vizuri, likiwa na madoa meusi yaliyobonyea hiyo ni chulebuni, ugonjwa, siyo mdudu.

Kimatira anapenda kahawa iliyofungamana kama kichaka, kwa hiyo pogolea mwanga uingie. Ruhuka dawa yake ni mikono: chuma zilizoiva kila baada ya siku chache, usibakize hata moja mtini, na za chini okota zote (watoto wakitoka shule wanaweza hii) uzichemshe au ufukie. Ukitaka kupiga dawa basi iwe ya kimatira, na kabla hujanunua beba tawi lenye wadudu kwenye mfuko uwaonyeshe TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungu.