Usinunue hiyo maiki, mwalimu. Warudishie watu hela zao kwanza

Mwalimu wa Nachingwea, umeuliza maiki gani inafaa kwa laki tatu, uhariri kwa programu ipi, vipindi uviweke Telegram au WhatsApp. Halafu ukapitisha kwa mstari mmoja tu kwamba umeshawachangisha watahiniwa wako wa kujitegemea elfu ishirini ishirini ili uwaandalie podikasti ya Bayolojia, yaani vipindi vya sauti vya kusikiliza kwenye simu. Mstari huo ndio ulionitoa usingizini.

Mimi nilichangisha elfu thelathini kwa watu 42, hapa Masasi. Piga hesabu: 1,260,000. Nusu yao wakulima wa korosho, na hela ile waliitoa kwenye malipo ya mnada waliyoyasubiri wiki nyingi. Wengine mama ntilie, bodaboda, mmoja mchuuzi wa samaki kutoka Mikindani. Watu walioanguka mtihani mara moja au mbili, wakakusanya moyo tena, wakanipa mimi.

Akatokea kijana mmoja kutoka Dar, anajiita mtaalamu wa maudhui. Hajawahi kushika chaki hata siku moja. Akaniambia kazi ni kutengeneza sauti safi, wasikilizaji watakuja wenyewe. Nami, miaka 14 ubaoni, nikaitikia. Maiki laki nne na nusu. Mashine ya kuchanganyia sauti laki mbili na themanini. Mahali pa kuhifadhia vipindi kwa mwaka, nembo na muziki wa kufungulia, laki tatu na thelathini. Laki mbili zilizobaki zikaingia mfukoni mwake. Nikimkumbuka na ule muziki wake wa sekunde arobaini, ambazo mama wa watu Nanyumbu alizilipia kwa bando lake, damu inanichemka.

Nikaegemeza magodoro ukutani, nikawa narekodi usiku, mvua ikigonga bati naacha, ikikatika naendelea. Vipindi 12, kila kimoja dakika 40, mimi peke yangu nasema toka mwanzo mpaka mwisho. Nikavipandisha kwa kilobiti 128 kwa sekunde kama nilivyoelekezwa. Sauti ya kiwango hicho inakula karibu MB 1 kwa kila dakika. Kipindi kimoja MB 38, vyote 12 kama MB 460. Mtu ananunua bando la siku, simu anaichajisha dukani kwa mtu, nyumbani Newala vijijini mtandao unakuja na kuondoka. Mimi kwenye skrini yangu naona idadi ya waliofungua inapanda, nafurahi.

Tukakutana ana kwa ana Septemba, miezi miwili kabla ya mtihani wa Novemba. Nikauliza swali jepesi la osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli, nililolieleza kwenye kipindi cha tatu kwa dakika kumi nzima. Kimya. Nikauliza nani alisikiliza kipindi hicho mpaka mwisho. Mikono miwili. Mama mmoja akasema taratibu, bila ubaya wowote: "Mwalimu, sauti yako tuliisikia. Sisi ndio hatukupata pa kusema." Kikundi cha WhatsApp tulikuwa nacho muda wote, lakini yule mtaalamu alinishauri nikifunge ili aandike msimamizi peke yake, eti vipindi visipotee kwenye gumzo. Niliwafunga midomo watu 42 kwa hela zao wenyewe. Kumi na saba hawakurudi tena darasani, na msimu wa korosho ulipoanza Oktoba hakuna aliyekuwa na muda wa kwenda kuwabembeleza.

Usiku ule ule nikakifungua kikundi. Yule wa samaki akatuma sauti ya dakika mbili, kuku wanalia nyuma. Akasema ukimpaka samaki chumvi, baada ya muda sinia linajaa maji, basi osmosisi ndiyo hiyo, chumvi inaingia ndani inayasukuma maji nje. Dada wa Ndanda akamkatiza: hapana, maji yanatoka ndani ya seli ambako chumvi ni chache, yanapita kwenye utando kufuata kule chumvi iliko nyingi, hakuna anayeyasukuma. Wa tatu akauliza, mbona basi maharage makavu ukiyaloweka yanavimba? Mpaka saa tano usiku zilikuwa zimeingia sauti kumi na moja. Zote pamoja hazikufikia uzito wa kipindi changu kimoja, kwa kuwa WhatsApp huibana sauti sana. Na jibu la maharage sikulitoa mimi. Alilitoa bodaboda.

Tangu hapo nina sharti moja, na ninakuomba ulishike hata kama mengine yote utayatupa: usipandishe sauti ya pili mpaka wanafunzi watatu wamejibu ya kwanza kwa sauti zao wenyewe. Sauti yako isizidi dakika tano, imalizike kwa swali, kisha nyamaza. Watu wakinyamaza siku mbili, nyamaza nao siku mbili, au mpigie mmoja umuulize wapi pamemkwama. Akikosea mtu usikimbilie kumsahihisha, subiri mwenzake amsahihishe. Ijumaa ndipo ukusanye sauti bora za wiki, uziunge, uzipunguze ukubwa hadi kilobiti 32 kwa sekunde, chaneli moja (mono). Dakika tano hapo ni kama MB 1.2, hata wa kijijini anaimudu, na anajisikia mwenyewe humo ndani akifundisha wenzake. Hiyo sasa ndiyo podikasti yenu.

Kwa kuanzia kaa WhatsApp, kwa sababu ndiko waliko tayari. Telegram utaihitaji baadaye kwa kuhifadhi, mtu akibadilisha simu mafaili ya zamani anayakuta.

Simu uliyonayo mkononi inatosha kurekodi. Leo jioni watumie swali moja la mmeng'enyo wa chakula, dakika mbili, ukiwa umekaa hapo hapo barazani kwako. Halafu kesho rudi hapa uniambie nani alijibu wa kwanza na alisema nini. Na zile elfu ishirini, tafadhali, zirudi kwa wenyewe kabla ya wikiendi.