Uliyeanza zamu wodini, angalia jibu linalokuja mapema

Ukianza mafunzo ya vitendo, hofu kubwa huwa ni kukutana na ugonjwa usioujua. Si hofu mbaya, inakufanya usome. Ila mwaka 2005 daktari Mmarekani Mark Graber na wenzake walichambua visa 100 vya utambuzi uliokosewa, wakakuta ni nadra chanzo kuwa uhaba wa maarifa. Kasoro ya kufikiri iliyojitokeza zaidi ilikuwa kuridhika mapema: jibu la kwanza likishafaa kiasi, daktari anaacha kutafuta.

Chukua mzee aliyeletwa na maumivu makali ya kifua. Mapokezi wameshaandika "mshtuko wa moyo", na kipimo cha umeme wa moyo kina kasoro. Kila kitu kinakuvuta kwenye dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Muulize kwanza maumivu yalianzaje. Anasema yalikuja ghafla, kama kitu kinachanika, yakahamia mgongoni. Pima presha mikono yote miwili. Ikipishana sana, fikiria aota iliyochanika (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni), maana dawa ile ile inaweza kumuua. Mkono wa pili unapimwa kwa muda mfupi tu, lakini mara nyingi hauguswi kwa kuwa jina la ugonjwa limeshaandikwa.

Mimi faili nalishuku kuliko kichwa cha daktari. Jioni mtu anaandika "nimonia?" Zamu ya usiku inanakili bila alama ya kuuliza. Asubuhi kwenye raundi inasomwa kama jambo lililothibitishwa, na hakuna anayekumbuka kwamba hata eksirei ya kifua haijapigwa. Unapopokea zamu, uliza jibu limetokana na kipimo gani. Unapokabidhi, taja na ugonjwa wa pili unaoufikiria, hata kama bingwa atakunja uso. (Wengine hukunja. Utazoea.)

Kukariri majina ya mitego hii ya kufikiri hakusaidii sana. Wapo wanaoitaja yote kwenye mtihani, kisha wakanaswa nayo wodini. Afadhali ujiulize kabla ya kuandika dawa: dalili gani hapa haiendani na jibu langu?

Halafu kuna yule anayenuka pombe, amechanganyikiwa, na kila mtu anasema aachwe alale. Pima sukari ya damu kabla hajalala, kisha papasa kichwa kutafuta jeraha. Wenzako watakuambia huyo ni wa kila wiki. Pima hivyo hivyo.